Baba anataka kuuza mikarafuu nikasome masta ya tabianchi, nikubali?

Assalamu alaykum Shangazi, na shikamoo. Safu yako naisoma muda sasa ila sikudhani kama na mie siku moja ntakuandikia, nisamehe mapema barua ni ndefu na naiandika usiku kwa simu huku umeme unakuja na kuondoka.

Mie ni mwanamke wa miaka 29, nipo Pemba upande wa Wete, nasomesha jografia skuli ya sekondari huu mwaka wa nne. Digrii nlisoma Unguja. Kwetu tumezaliwa watano, mie wa tatu. Mama analima mwani, baba ana mikarafuu huko juu na kibonde cha mpunga huku chini, au niseme alikua nacho, maana miaka kama sita nyuma lilikuja bamvua kubwa na kusi inavuma, maji ya bahari yakapita pale penye mkondo yakalala bondeni siku tatu, yalipotoka mpunga umekua rangi ya majani ya chai yaliyokwishachemshwa. Tangu hapo tunapanda lakini hauji. Jua likikaza unaona weupe juu ya udongo, mdogo wangu wa mwisho aliugusa akautia ulimini akasema hii si chumvi ya kupikia hii!

Sasa kila mwaka wanakuja watu na fulana zao na kofia, wanatuuliza maswali, wanapiga picha bonde, wanagawa maji ya chupa wanaondoka. Mwaka jana niliwasaidia kufasiri, na mmoja akanionesha kwenye laptopu ramani ya kijiji chetu imepakwa buluu, nikamuuliza hio buluu nini, akasema makisio ya maji yatapofika mwaka 2050. Nyumba yetu imo ndani ya buluu. Wallahi sikulala. Nikaanza kutafuta kozi, na Mungu si Athumani nikapata ofa chuo kimoja Uingereza, masta ya mwaka mmoja ya udhibiti wa hatari za tabianchi na ujenzi wa ustahimilivu. Wamenipunguzia ada sehemu moja ya tano, inayobaki nijitegemee.

Sikumwambia baba kwa nia ya kuomba, nilimwambia tu kwa furaha. Akanyamaza. Baada ya isha akaniita kibarazani akasema kuna mtu wa Chake analitaka lile shamba la juu, mikarafuu 34 aliyoipanda babu, anatoa milioni thelathini, "wewe nenda kasome, nyengine Mungu atatoa". Shangazi, nililia. Ila kaka yangu mkubwa ndie anaeipalilia mikarafuu ile na kuichuma kila msimu, na tangu siku ile akija anakula haraka anainuka, hata chai hamalizi. Mjomba nae kanicheka mbele ya watu, "unakwenda Ulaya kusomeshwa mvua na watu wasiojua masika wala vuli?" Mama anasema jambo lako.

Dipoziti inatakiwa ndani ya wiki tano. Nikubali shamba liuzwe? Na hii kozi ni kitu cha kweli au fasheni tu ya miradi? Na nikishamaliza kuna kazi Pemba au ndo ntaishia ofisi za Dar?

Wako, Mwalimu wa Jografia

---

Waalaykumu ssalaam, marahaba mwanangu.

Nakujibu la mwanzo mwanzo ili usisome barua yote roho iko juu: shamba lisiuzwe. Sasa kaa nikwambie kwa nini, na usidhani nasema hivi kwa kua wewe mwanamke na mikarafuu ni ya kaka zako, hata kidogo, haki ya kusoma unayo na baba'ko kaonesha kitu ambacho wababa wengi hawakioneshi. Ningemjibu hivi hivi kaka'ko angeniandikia yeye.

Na mie nimesoma masta inayofanana na hio yako, nikiwa mtu mzima na watoto wangu wakubwa, basi siongei kwa kusikia. Wiki ya mwanzo kabisa tulifundishwa kitu kimoja ambacho mpaka leo ndo nnachokitumia, kwamba hatari si upepo wala si maji. Hatari ina vipande vitatu, kuna tishio lenyewe, yaani lile bamvua na kusi, halafu kuna nani na nini vimekaa njiani mwake, halafu kuna udhaifu, yaani likishakupiga unacho cha kukuinua au huna. Maji yale yale yakiingia mabonde mawili, mwenye bonde moja ana shamba jengine juu na mtoto mwenye mshahara, mwenye bonde la pili hana kitu, huyu wa pili ndo yatakayemmaliza. Bahari haikubadilika.

Sasa chukua hio uipime nyumba yenu. Bonde limekwisha kwa chumvi. Mwani wa mama nao unajua ulivyo, ulipoanza kulimwa kibiashara Unguja upande wa Paje na Jambiani mwaka 1989 watu walikua na aina mbili za mwani, kotonii na spinosamu, kotonii ndo yenye bei, na ndo isiyostahamili maji ya moto, kaskazi ikiingia maji yakatulia yakapata moto unaona matawi yanakua meupe yanakatika, muulize mama atakwambia mwaka gani ilianza kumshinda. Imebaki spinosamu ya bei ya chini. Kwa hio vitu vitatu vilivyokua vinawalisha, viwili bahari imeshavitia mkono. Cha tatu ni hiki, mikarafuu 34, iko juu, maji ya bamvua hayafiki. Na hicho ndo mnataka kukiuza ili ukasome namna ya watu kustahamili maji ya bahari! Mwanangu, ungekua mwanafunzi wangu ukaniletea nyumba hii kwenye mtihani ukanambia suluhisho ni kuuza shamba la juu, ningekupa sifuri na ningeicheka sifuri yenyewe.

Halafu historia ya kisiwa chako unaijua, unasomesha jografia. Mwezi wa nne mwaka 1872 tufani iliipiga Unguja ikalaza mikarafuu sehemu kubwa chini, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo ndo Pemba ikawa kisiwa cha karafuu mpaka leo. Watu huku walikua wanasema siku zote Zanzibar haina tufani, tufani za Msumbiji na Komoro, mpaka mwezi wa tano mwaka 2024 Hidaya ilipokuja mpaka Mafia na boti za Dar na Unguja zikasimamishwa ndo kila mtu akaanza kuangalia simu yake mamlaka ya hali ya hewa wamesema nini.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa sijui kama mumekaa mukaipiga. Ada ya mgeni kwa masta za aina hio Uingereza mara nyingi inapita paundi elfu ishirini, hio kwa shilingi zetu ni milioni sitini na zaidi. Wamekuondolea moja ya tano, bado ada peke yake inaipita milioni thelathini ya mtu wa Chake kwa mbali. Halafu ada ya matibabu ya viza, kwa mwanafunzi paundi 776 kwa mwaka, unalipa kabla hujatia mguu kwenye ndege, na kipimo cha kifua kikuu, na pesa za kuishi miezi tisa uoneshe ziko benki siku 28 mfululizo, zikipungua siku moja tu katikati fomu inarudi. Hio "nyengine Mungu atatoa" ya baba ni imani nzuri, lakini ofisa wa viza anataka karatasi ya benki. Kwa hio mungeuza shamba, mungelipa dipoziti, na bado usiende. Nimemuona mtu kwa macho yangu yamemfika hayo hayo, dipoziti ilikwenda, viza haikuja, na chuo kikamrejeshea nusu baada ya kulia na kuandika imeili miezi saba.

Lakini kozi yenyewe je, fasheni? Hapa nitasema ukweli wangu, nusu ni fasheni. Vyuo vingi vimechukua kozi ya zamani ya mazingira vikaipaka rangi mpya. Kwa hio fungua ile orodha ya masomo waliyokutumia, usisome maneno mazuri ya ukurasa wa mwanzo, tafuta mambo matatu: takwimu, ramani za kompyuta, na pesa, yaani namna ya kupima hasara na bima na bajeti. Kama hayamo, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kama yamo basi ni elimu ya kweli na ina kazi.

Nikupe mfano mmoja tu. Utasikia watu wanasema "hili ni bamvua la mara moja katika miaka mia", na mzee akisikia hivyo anashusha pumzi, anasema basi limeshakuja, wajukuu zangu ndo watalijua jengine. Sivyo. Maana yake kila mwaka lina nafasi moja katika mia ya kuja, halikumbuki kama mwaka jana lilikuja. Piga hesabu ya mtu anaejenga nyumba leo akitaka akae miaka 30, nafasi ya kulikuta ni kama asilimia 26, robo na ushee. Na bahari ikipanda, lile la miaka mia linakua la miaka ishirini, la kumi, bila ya upepo kuongezeka hata kidogo, kwa sababu linaanzia juu zaidi. Siku nilipoielewa hesabu hio nlitoka darasani nikakaa nje kwenye ngazi, nikakumbuka nyumba ya bibi yangu iliyojengwa mara tatu pahala pale pale.

Sasa mjomba'ko. Usimkasirikie, nusu yake kasema kweli. Hakuna profesa atakaekufundisha kusi kuliko yeye. Kinamama wa mwani walijua maji yamekua moto kabla ya mtu yoyote kuja na kipimo. Lakini mjomba akienda ofisini akasema "bahari imeingia", wanamwandikia pole. Wewe ukienda na ramani, miaka, eka ngapi, kaya ngapi, na tuta lingegharimu kiasi gani kulinganisha na mpunga uliopotea, hapo inakua mstari kwenye bajeti. Kazi yako ni kuyatia maneno ya mjomba kwenye karatasi ambayo mwenye pesa hawezi kuikataa. Na ukamwambie mjomba hivyo, atapenda, wazee wanapenda kuambiwa wanahitajika.

Mfano mzuri zaidi uko Bangladesh. Mwaka 1970 tufani moja iliua watu laki kadhaa usiku mmoja. Mwaka 1972 wakaanzisha mpango wa watu wa kujitolea, vijana wa vijijini wenye baskeli na vipaza sauti na bendera, kila mmoja anajua nyumba zipi azigongee, halafu wakajenga na majengo ya kukimbilia. Mwaka 2007 ikaja Sidr, kubwa kweli, wakafa kama elfu tatu na kitu, na 2020 ikaja Amphan wakafa makumi. Tufani kali ziliendelea kuja, ila watu waliamshwa. Sisi Wapemba neno maafa tulijifunza kwa meli, ilipozama Spice Islander ikija Pemba Septemba 2011, hakuna nyumba Pemba isiyojua pahala ilipokua usiku ule, na sidhani kama nahitaji kukueleza zaidi kwa nini mtu wa huku anapaswa kuisoma elimu hii.

Basi utaisoma vipi bila ya shamba. Cha kwanza, waandikie hao wa chuo leo, usingoje kesho, uwaombe wakusogezee nafasi mwaka mmoja. Vyuo vingi vinakubali, ni imeili ya mistari minne. Cha pili, wewe una miaka minne ya kazi, na hio ni mali hujaijua. Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, wanataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, wanalipa kila kitu, na sharti lao urudi kwenu ukae miaka miwili, ambalo kwako si sharti bali ndo nia yenyewe. Huwa wanafungua mwezi wa nane. Kuna skolashipu za Jumuiya ya Madola, zile za pamoja na vyuo zimewekwa makusudi kwa mtu asieweza kujilipia, na ziko nyengine za kusoma kwa masafa, yaani unabaki Wete unasomesha mchana na usiku unasoma, ukiweza kuvumilia intaneti yetu. DAAD, shirika la skolashipu la Ujerumani, nao wana kozi za maendeleo, wanataka miaka miwili ya kazi na digrii isiwe imepita miaka sita, kwa hio kwako wewe wa mwaka wa nne saa inakwenda, huko usichelewe. Omba zote. Mie nilikataliwa mara mbili kabla ya kukubaliwa, na barua yangu ya mwanzo nikiisoma leo naona aibu, ilikua imejaa "mabadiliko ya tabianchi ni changamoto kubwa duniani". Nani hajui? Wewe anza na mdogo wako alieonja udongo. Hio hio, usiipambe.

Na usidharau vya nyumbani. Chuo Kikuu cha Ardhi pale Dar wana masta ya usimamizi wa hatari za maafa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana kituo cha masomo ya tabianchi, na taasisi yao ya sayansi za bahari iko hapa hapa Unguja, Buyu. Ada zake si za kuuzia shamba. Ulizia na SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, pale Tunguu, na Bodi ya Mikopo ya Zanzibar uwaulize masta wanaikopesha kwa masharti gani. Mwaka huu wa kungojea usikae bure, ile programu ya ramani inaitwa QGIS ni ya bure, ishushe, jifunze usiku, chora bonde lenu wewe mwenyewe, eka kwa eka, na mwaka gani chumvi ilifika wapi, ukiwauliza wazee. Hata ripoti za jopo la kimataifa la tabianchi zinasomwa bure. Ukienda masta na ramani hio mkononi, tayari nusu ya utafiti wako unao, wenzako watakua bado wanatafuta mada.

Kazi. Sikudanganyi, Pemba nafasi ni chache na nyingi za miradi, mradi unakuja miaka mitatu una gari na kiyoyozi halafu siku moja asubuhi gari haipo. Lakini si ofisi za mazingira tu. Kuna Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, kuna halmashauri, kuna hata benki, CRDB walipata ithibati ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2019, na benki ikishashika pesa za namna hio inahitaji mtu anaejua kusoma hatari ya shamba, si kusoma dhamana tu. Na kama utaishia Dar miaka miwili mitatu, si msiba, boti zipo. Ila usiache ualimu kwa kujiuzulu, omba ruhusa ya masomo kwa maandishi, nakala ubaki nayo wewe.

La baba: mwende wewe na mama, mkamwambie kwamba zawadi yake mumeipokea na mnamrudishia aitunze. Usimwambie "Shangazi kakataa", mwambie umekaa ukapiga hesabu haifiki, hio ni kweli na haimvunji. Akitaka kukusaidia, msimu huu achangie kidogo kwenye mavuno, nauli ya mitihani ya Kiingereza na kuchapa vyeti, si mti wenyewe.

Na kaka'ko usimpigie simu wala usimtumie ujumbe. Mchukulie chai kwenye chupa uende huko juu alipo, asubuhi wakati anapalilia, ukakae nae chini ya mti umwambie halikuuzwa. Halafu muombe akuoneshe ni mikarafuu mingapi imekufa juu miaka hii na upande upi, kwa sababu kwenye ramani yako hio utaihitaji.

Wako Shangazi